Ubaridi Uliotoka Gereji: Historia ya Ufungaji wa Kiyoyozi katika Magari Yaliyoundwa Bila Kiyoyozi, kutoka Texas hadi Kigali

1.0 Utangulizi

Historia ya kiyoyozi cha gari imezoeleka kusimuliwa kutoka upande wa kiwanda. Katika masimulizi hayo, kampuni kubwa hubuni kifaa, hukitangaza katika maonyesho, kisha wanunuzi hukipokea. Tarehe zinazotajwa ni za matoleo mapya: Packard ya mwaka 1940, Chrysler Imperial ya mwaka 1953, Nash ya mwaka 1954. Mpangilio huo si wa uongo, lakini unamwacha nje mtu mmoja muhimu, yaani fundi aliyepokea gari lililokwisha kuundwa bila kiyoyozi na kulitafutia nafasi ya kompresa, mabomba na feni.

Insha hii inajadili historia ya kazi ya fundi huyo. Mfano mkuu ni jimbo la Texas nchini Marekani, ambako biashara ya kufunga viyoyozi katika magari yaliyokwisha kutoka kiwandani ilistawi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hoja inayotetewa ni kwamba ufungaji huo haukuwa jambo la pembeni. Ulikuwa njia ambayo watu wa maeneo ya joto waliitumia kudai haja yao mbele ya viwanda vilivyojengwa katika maeneo ya baridi. Aidha, insha inaonyesha kwamba kila ubaridi uliopatikana ndani ya gari ulizaa gharama iliyohamishiwa mahali pengine: kwenye injini, kwenye rejeta na hatimaye kwenye angahewa.

Katika insha hii, kiyoyozi ni mfumo kamili wa kuondoa joto, wala si feni ya kupuliza hewa. Mfumo huo una sehemu kuu nne. Kompresa huendeshwa na mkanda wa injini na huikandamiza gesi mpaka ikawa na shinikizo na joto kubwa. Kondensa, ambayo kwa kawaida hukaa mbele ya rejeta, huipokonya gesi hiyo joto mpaka ikageuka kimiminika. Vali ya upanuzi hukipunguzia kimiminika shinikizo kwa ghafla. Evaporeta, iliyomo ndani ya gari, hukiacha kichemke kwa baridi huku kikinyonya joto la hewa ya abiria, na hapo ndipo unyevu wa hewa hiyo unapodondoka kama maji. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinalihamisha joto kutoka ndani kwenda nje.

2.0 Gari kabla ya Kiyoyozi

Gari la mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa wazi. Nchini Marekani, mwaka 1919, magari yaliyofungwa kwa paa na vioo yalikuwa takribani asilimia 10 tu ya magari yaliyotengenezwa. Kufikia mwaka 1927 hali ilikuwa imepinduka, na zaidi ya asilimia 80 yalikuwa yamefungwa. Badiliko hilo liliwakinga abiria na mvua, vumbi na baridi, lakini liliwaletea tatizo jipya. Sanduku la chuma lenye vioo pande zote, likikaa juani, hulipokea joto la jua kupitia vioo na kulizuia lisitoke.

Waundaji wa magari walilijibu tatizo hilo kwa njia ya upepo. Katika magari ya General Motors ya mwaka 1933, idara ya Fisher Body ilileta vidirisha vidogo vya pembe tatu vilivyoweza kuzungushwa ili kuielekeza hewa ndani au kuivuta nje. Vidirisha hivyo vilidumu katika magari mengi kwa miongo kadhaa. Vilevile kulikuwa na vifuniko vya hewa vilivyofunguliwa mbele ya kioo, na sakafu zenye matundu ya kupitishia upepo. Yote hayo yalitegemea sharti moja, nalo ni kwamba gari liwe katika mwendo. Liliposimama kwenye foleni, upepo nao ulisimama.

Katika majimbo makavu ya magharibi, kama Arizona na New Mexico, madereva walitumia pia kifaa cha maji kilichoning'inizwa kwenye dirisha la abiria. Hewa iliingia kupitia kitambaa au nyuzi zilizoloweshwa, maji yakavukizwa, na hewa ikapoa kabla ya kumfikia abiria. Kanuni yake ni ileile ya mtungi wa udongo unaoyapoza maji ya kunywa. Hata hivyo, kifaa hicho kilikuwa na mpaka wake wa kijiografia. Jangwani kilifanya kazi vizuri, lakini katika pwani ya Ghuba ya Meksiko, mjini Houston kwa mfano, hewa tayari imejaa unyevu na haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam ataielewa sababu hiyo bila kuhitaji maelezo marefu. Kwa hiyo, watu wa pwani yenye unyevunyevu walihitaji mashine ya aina nyingine kabisa.

3.0 Gesi Mpya na Jaribio la Packard

Mashine hiyo ilikuwapo tayari katika viwanda vya barafu na majokofu, lakini gesi zake hazikufaa kuwekwa karibu na abiria. Amonia na dioksidi ya salfa ni sumu, na kloridi ya methili ni sumu inayowaka pia. Mwaka 1928, Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya General Motors na kampuni yake ya majokofu ya Frigidaire, walianza kutafuta gesi isiyowaka wala kudhuru. Matokeo yake ni kundi la kemikali zilizokuja kujulikana kwa jina la kibiashara la Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani kisha akaipuliza juu ya mshumaa, na mshumaa ukazimika. Kwa tendo moja alikuwa ameonyesha mambo mawili, kwamba gesi haiui na kwamba haiwaki. Jambo la tatu, yaani kinachotokea gesi hiyo inapopaa na kukaa angani kwa miaka mingi, halikuwa sehemu ya onyesho.

Gesi ya R-12, iliyo katika kundi hilo, huchemka kwenye takribani nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Sifa hiyo, pamoja na usalama wake, iliifanya ifae gari. Mwishoni mwa mwaka 1939, Packard ilikitangaza kiyoyozi kwa magari yake ya toleo la mwaka 1940, kwa bei ya ziada ya dola 274.

Jambo linalostahili kuzingatiwa hapa ni namna kiyoyozi hicho kilivyofungwa. Hakikutengenezwa na Packard yenyewe, bali na kampuni ya Bishop and Babcock ya Cleveland, Ohio. Gari lililoagizwa na mteja lilikamilishwa Detroit, kisha likapelekwa Cleveland kufungiwa mtambo. Evaporeta na feni yake zilikaa nyuma, upande wa buti, na mabomba marefu yakapita chini ya gari hadi kwenye kompresa mbele. Hapakuwa na klachi ya kuitenganisha kompresa na injini. Dereva aliyetaka kuuzima mtambo alilazimika kusimama, kuzima injini, kufungua boneti na kuutoa mkanda kwa mikono.

Hivyo basi, kiyoyozi kinachotajwa kuwa cha kwanza kutolewa na kiwanda cha magari kilikuwa, kwa hakika, kiyoyozi kilichoongezwa katika gari lililoundwa bila kukifikiria. Tofauti kati ya kifaa cha kiwandani na kifaa cha gereji haikuwapo tangu mwanzo. Ilitengenezwa baadaye, na ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na ushindani uliotoka Texas.

Packard iliachana na jaribio hilo baada ya toleo la mwaka 1941, mwaka ambao Cadillac nayo ilifunga mitambo katika magari yapatayo 300. Februari 1942, uzalishaji wa magari ya raia nchini Marekani ulisimamishwa kwa ajili ya vita.

4.0 Texas: Gereji Mbele ya Kiwanda

Vita vilipokwisha, viwanda vya Detroit vilikuwa na wateja wengi kuliko magari na havikuwa na haraka ya kurudi kwenye kiyoyozi. Mtazamo wa Detroit una maelezo ya kijiografia. Katika mji huo tatizo kubwa la dereva ni majira ya baridi, na kifaa cha kupasha joto ndicho kilichopewa kipaumbele. Dallas, kwa upande mwingine, joto la mchana la Julai na Agosti hupita nyuzi 35 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, na barabara kati ya mji na mji ni ndefu. Mfanyabiashara, mkulima tajiri au mtu wa mafuta wa Texas alinunua gari lililobuniwa na watu wasioishi katika hali yake.

Pengo hilo likajazwa na kampuni za papo hapo. Miongoni mwa majina yaliyojulikana ni Frigikar na A.R.A., pamoja na Mark IV iliyotengenezwa na kampuni ya John E. Mitchell ya Dallas. Kampuni ya Mitchell inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu haikuzaliwa katika sekta ya magari. Ilikuwa mtengenezaji wa mitambo ya pamba, zao lililoijenga sehemu kubwa ya uchumi wa Texas. Watu waliozoea mikanda, feni na mabomba ya kupuliza pamba hawakuwa mbali sana na ujuzi wa kupuliza hewa baridi. Ujuzi huo ulisafiri hata nje ya gari. Omar Knedlik, mwenye duka huko Kansas, alipotaka mashine ya kutengeneza kinywaji cha barafu laini, mashine ya majaribio ilitumia mtambo wa kiyoyozi cha gari, na kampuni ya Mitchell ndiyo iliyoiendeleza.

Mitambo ya mwanzo ya gereji ilifuata mpango wa Packard: evaporeta katika buti, mabomba chini ya gari, na hewa baridi ikitokea nyuma ya vichwa vya abiria wa nyuma. Kiwanda nacho kilirejea kwa mpango huohuo. Mwaka 1953 Cadillac, Buick na Oldsmobile zilitolewa na kiyoyozi cha Frigidaire chenye mirija miwili ya plastiki angavu iliyopanda kutoka nyuma ya kiti cha nyuma hadi kwenye paa. Mwaka huohuo Chrysler ilitoa mfumo wake wa Airtemp katika Imperial. Mwaka 1954, Nash ilivunja mpangilio huo kwa kuuweka mfumo wote mbele, chini ya boneti na nyuma ya dashibodi, na kuunganisha baridi na joto katika mtambo mmoja kwa bei ya dola 345.

Gereji za Texas ziliipokea hatua ya kuhamia mbele kwa namna yao. Badala ya kuificha evaporeta ndani ya dashibodi, ziliiweka katika kisanduku kilichoning'inizwa chini yake, katikati ya dereva na abiria, chenye matundu mawili au matatu ya hewa na vitufe viwili, kimoja cha kasi ya feni na kingine cha kiwango cha baridi. Kisanduku hicho kilikula nafasi ya miguu, na abiria wa katikati alikigonga kwa magoti. Lakini kilikuwa na sifa ambazo kifaa cha kiwandani hakikuwa nazo. Kilikuwa cha bei nafuu, kiliweza kufungwa katika gari la aina yoyote, na mmiliki aliyeuza gari lake aliweza kukifungua na kukihamishia katika gari jipya. Kiyoyozi kilikuwa mali ya mtu, hakikuwa mali ya gari.

Wauzaji wa magari nao waliona faida. Waliagiza kutoka kiwandani gari lisilo na kiyoyozi, wakalifungia mtambo wa gereji, kisha wakauza kwa bei iliyo chini ya ile ya kiyoyozi cha kiwandani. Kwa njia hiyo, fedha ambayo Detroit ingeipata ilibaki Dallas. Hapa ndipo hoja ya insha hii inapoonekana wazi. Viwanda havikuhitaji kusadikishwa kwa maneno kwamba watu wa kusini wanahitaji ubaridi. Kila mtambo uliouzwa na gereji ulikuwa ushahidi wenye bei. Kampuni kubwa zilijibu kwa kukiingiza kifaa ndani ya muundo wa gari. Mwaka 1968, American Motors ilikifanya kiyoyozi kuwa kifaa cha kawaida katika magari yake yote ya Ambassador, na kufikia mwaka 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Marekani yalitoka yakiwa nacho. Kiwanda kilipomaliza kujifunza, soko la kisanduku cha chini ya dashibodi likaanza kunywea.

5.0 Mzigo Uliohamishwa

Ili kuuelewa ujuzi wa fundi wa gereji, ni muhimu kueleza kwa nini kiyoyozi hakiongezwi katika gari kama redio inavyoongezwa. Gari ni mfumo uliopimwa kwa mizigo fulani. Kifaa kipya kinapoingia, mizigo yote hupangwa upya.

Mzigo wa kwanza ni wa injini. Kompresa huchukua nguvu za farasi kadhaa. Katika injini kubwa ya silinda nane upungufu huo hauonekani sana, lakini katika injini ndogo dereva huuhisi mara gari linapoanza kupanda mlima. Kompresa za zamani, kama zile za York zenye pistoni mbili zilizotumiwa sana na gereji, zilikuwa nzito na za kutikisika, na kipande cha chuma cha kuzishikilia kilipokuwa dhaifu kilipasuka na kuutupa mkanda.

Mzigo wa pili ni wa kupoza injini. Kondensa huwekwa mbele ya rejeta, na joto lililotolewa ndani ya gari huachwa hapo. Kwa hiyo hewa inayoifikia rejeta tayari ni moto. Gari likiwa katika mwendo, tatizo hufichika. Likisimama kwenye foleni ya mchana, maji huchemka. Hii ndiyo sababu mafundi walioijua kazi yao walianza na rejeta kubwa zaidi, feni yenye panga nyingi na kizingio cha kuielekeza hewa, kabla ya kugusa chochote ndani ya gari. Aliyeanza na matundu ya dashibodi alimrudisha mteja gereji kabla ya wiki kuisha.

Mzigo wa tatu ni wa umeme. Magari mengi ya Marekani ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950 yalitumia volti 6, na jenereta zake zilitoa umeme mdogo injini inapozunguka polepole. Feni ya kiyoyozi na klachi ya sumaku ya kompresa vilihitaji umeme mwingi hasa wakati huo. Kuhamia volti 12, na baadaye altaneta iliyoanza kutumiwa na Chrysler mwaka 1960, kulirahisisha kazi ya kiyoyozi pamoja na kazi nyingine.

Mzigo wa nne ni wa bodi yenyewe. Gari lililobuniwa kupitisha upepo limejaa matundu, na kila tundu linaloingiza upepo huvujisha ubaridi. Fundi alilazimika kuziba vifuniko vya hewa, kubadilisha mipira ya milango, na kuweka matandiko ya kuzuia joto chini ya zulia, ndani ya paa na kwenye ukuta unaoitenga injini na abiria. Kwa maneno mengine, kulifungia gari la zamani kiyoyozi ni kulibadilisha kutoka gari la upepo kuwa gari la hewa iliyofungwa. Mbunifu wa mwaka 1933 na fundi wa mwaka 1955 walikuwa na mawazo yanayokinzana kuhusu dirisha.

6.0 Magari ya Kale Yarudi Gereji

Kufikia miaka ya 1970, magari mapya ya kusini mwa Marekani yalikuwa na viyoyozi vya kiwandani, na ingetarajiwa kwamba ufungaji wa gereji ungekufa. Haukufa. Ulihamia kwa wateja wengine, yaani wapenzi wa magari ya kale. Mwaka 1976, Jack Chisenhall alianzisha kampuni ya Vintage Air mjini San Antonio, Texas, kwa lengo la kutengeneza viyoyozi vya magari yaliyofanyiwa matengenezo makubwa na magari ya miongo iliyopita. Si jambo la bahati kwamba hatua hiyo ilitokea Texas. Ujuzi, mafundi na joto vyote vilikuwapo palepale.

Vifaa navyo vilikuwa vimebadilika. Kompresa ya York ilipisha kompresa ndogo za mviringo zenye pistoni tano au saba, zilizosambazwa na kampuni ya Sanden ya Japani. Kompresa hizo zilikuwa nyepesi, zilizunguka kwa utulivu na ziliweza kukaa katika pembe ndogo ya injini. Evaporeta ikapunguzwa mpaka ikaenea nyuma ya dashibodi ya gari la miaka ya 1930, na matundu ya hewa yakafichwa yasiharibu sura ya ndani.

Hapa ndipo swali jipya lilipoibuka, swali ambalo fundi wa mwaka 1955 hakuwa nalo. Gari la kale ni chombo cha usafiri, lakini pia ni hati ya kihistoria. Kutoboa ukuta wa injini ili kupitisha mabomba, au kukata dashibodi, ni kufuta sehemu ya hati hiyo, na tundu lililotobolewa halirudi. Upande mmoja unashikilia kwamba gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Upande mwingine unajibu kwamba gari lisiloendeshwa kwa sababu ya joto hubaki bandani, na gari la bandani huoza.

Historia iliyoelezwa katika sehemu zilizotangulia inaupunguzia mgogoro huo ukali. Kama Packard ya mwaka 1940 ilipelekwa mji mwingine kufungiwa kiyoyozi, na kama maelfu ya magari ya Texas yalipata mitambo yao gereji yakiwa bado mapya, basi hali ya gari lilipotoka kiwandani haiwakilishi kikamilifu namna gari lilivyotumiwa. Kisanduku cha Mark IV chini ya dashibodi ya gari la mwaka 1958 ni ushahidi halali wa maisha ya watu wa Dallas, hata kama Detroit haikukitia katika michoro yake. Kukiondoa kwa jina la uasilia ni kufuta ukurasa mwingine wa hati ileile.

7.0 Gesi Yashtakiwa

Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba gesi za kundi la Freon, kwa sababu ya uthabiti wake, hupanda bila kuharibika hadi tabaka la juu la angahewa, ambako mionzi ya jua huzivunja na kuachia klorini inayoharibu ozoni. Sifa iliyozifanya gesi hizo kuwa salama mbele ya mshumaa wa Midgley ndiyo iliyozifanya hatari angani. Mwaka 1985, watafiti wa Uingereza waliripoti kupungua kukubwa kwa ozoni juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal ilitiwa saini.

Kiyoyozi cha gari kilikuwa katikati ya shauri hili, kwa sababu ya namna kinavyovuja. Jokofu la nyumbani limefungwa kwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa moja kwa moja na halitikisiki. Kiyoyozi cha gari kina kompresa inayotikisika pamoja na injini, mipira ya kuunganishia, na muhuri wa mhimili unaozunguka, na vyote hivyo hupoteza gesi kidogo kidogo. Kwa miongo kadhaa, fundi aliyetaka kufungua mfumo aliiachia gesi iliyobaki hewani, kisha akajaza upya. Ilikuwa rahisi na haikukatazwa. Katika miaka ya 1990 sheria ya Marekani ilianza kuwataka mafundi wa viyoyozi vya magari wawe na cheti na waikusanye gesi badala ya kuiachia.

Viwanda vilihamia gesi ya R-134a, isiyo na klorini, kuanzia matoleo ya karibu mwaka 1992 hadi 1994. Uzalishaji wa R-12 kwa matumizi ya nchi tajiri ulikoma kufikia mwanzo wa mwaka 1996, wakati nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010. Bei ya R-12 ilipanda, na maofisa wa forodha wa Miami wakajikuta wakikamata magendo ya mitungi ya gesi.

Kwa gereji, matokeo yake yalikuwa aina mpya ya ufungaji. Safari hii hapakuongezwa ubaridi palipokuwa hapana, bali mfumo uliokuwapo ulibadilishwa ili uikubali gesi nyingine. Kazi haikuwa nyepesi. Mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa za R-12 hayachanganyiki na R-134a, hivyo yalilazimika kutolewa na kuwekwa mafuta ya sintetiki. Molekuli za gesi mpya hupenya mipira ya zamani, hivyo mipira yenye utando wa ndani ikahitajika. Gesi mpya hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi upande wa joto, hivyo kondensa za zamani za mirija na mapezi mara nyingi zilishindwa kuipoza vya kutosha, hasa gari likiwa limesimama. Fundi aliyejaza kipimo kilekile cha zamani aliharibu kazi, kwani R-134a huhitaji kipimo pungufu, kwa kawaida karibu asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali. Kwa mara nyingine tena, badiliko moja lilidai mabadiliko mengine matano.

8.0 Kutoka Montreal hadi Kigali

R-134a iliinusuru ozoni, lakini haikuwa bila deni. Kwa kipindi cha miaka 100, uwezo wake wa kuongeza joto duniani unakadiriwa kuwa takribani mara 1,430 ya ule wa kiasi kilekile cha hewa ya ukaa. Ni pungufu sana kuliko R-12, inayokadiriwa kufikia mara 10,900, lakini bado ni mkubwa. Umoja wa Ulaya ulijibu kwa agizo la mwaka 2006 lililoweka kikomo cha 150 kwa gesi za viyoyozi vya magari mapya, na kufikia mwaka 2017 kikomo hicho kilihusu magari yote mapya yanayouzwa huko.

Tarehe 15 Oktoba 2016, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza hatua kwa hatua gesi za kundi la R-134a. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Mji uliowapa jina lake uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na si mji wa joto kali. Makubaliano yenyewe, hata hivyo, yalilitambua joto kama hoja ya haki. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwamo za Afrika Mashariki, zilipangiwa kusitisha ongezeko la matumizi mwaka 2024. Kundi jingine, lenye India, Pakistani na nchi kadhaa za Ghuba ikiwamo Omani, lilipangiwa mwaka 2028. Katika majadiliano hayo, nchi zenye joto kali zilieleza ugumu wa kupata gesi mbadala zinazofanya kazi vizuri katika hali ya hewa yake. Hoja hiyo ni ya jamaa moja na ile ya mteja wa Dallas wa mwaka 1955: kipimo kilichowekwa mahali pa baridi hakimtoshi anayeishi penye joto.

Kwa Afrika Mashariki, historia hii ina uzito wa kila siku. Magari mengi huingia yakiwa yametumika nje, mengi kutoka Japani, na huja na mfumo na gesi iliyoamuliwa na soko la kwanza. Gereji ya Mombasa au Dar es Salaam huurithi uamuzi uliofanywa mahali pengine, miaka kadhaa nyuma, na ndiyo inayolazimika kuulinganisha na joto, unyevu na foleni za hapa. Mitungi, mashine ya kukusanya gesi na mafunzo ya kutotoboa bomba ili gesi itoke ni gharama ambazo mkataba wa kimataifa huzitaja kwa sentensi moja, lakini fundi huzilipa kwa mfuko wake.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kiyoyozi cha gari hakikushuka kutoka kiwandani kwenda kwa watu kwa njia iliyonyooka. Kilianza kama nyongeza katika Packard iliyopelekwa Cleveland, kikakuzwa na gereji za Texas zilizoishi na joto ambalo Detroit ililiona kwa mbali, kikaingizwa kiwandani baada ya soko kuthibitisha haja, kisha kikarudi gereji mara mbili: kwa wapenzi wa magari ya kale na kwa mafundi waliolazimika kubadilisha gesi.

Aidha, imebainika kwamba ufungaji wa kiyoyozi katika gari lisilobuniwa nacho huufichua ukweli ambao kiwanda huuficha vizuri zaidi. Katika gari jipya, rejeta, altaneta, mipira ya milango na gesi vimepangwa pamoja kiasi kwamba ubaridi huonekana kuwa wa bure. Katika gari la zamani, fundi hulazimika kuulipia ubaridi huo kipande kwa kipande, na mwenye gari huiona hesabu yote. Joto linaloondolewa kwa abiria halipotei, bali hupewa mwingine alibebe. Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 mwingine huyo alikuwa tabaka la ozoni, na hakuwa na gereji ya kulalamikia.

Kwa hiyo, historia ya teknolojia inayoandikwa kwa lugha ya Kiswahili ina sababu ya kumpa fundi wa gereji nafasi sawa na ile ya mvumbuzi. Kwa sehemu kubwa ya watumiaji wa magari katika eneo hili, gari halianzi maisha yake kiwandani. Linaanza siku lilipofika mikononi mwa fundi anayejua mahali linapoishi.